Tunakimbia wote saa 11 alfajiri, yeye kichwa kinafunguka mimi nasinzia ofisini. Mazoezi na akili, kila mtu na yake?

#1 MhasibuMtarajiwa

Wakuu habari za majukumu.

Naomba niende moja kwa moja. Nakaa Kijitonyama na jamaa yangu mmoja, tumepanga nyumba moja, wote tunafanya kazi za uhasibu na wote tunajiandaa na mitihani ya bodi ya Novemba. Toka mwezi wa saba tulikubaliana tuwe tunakimbia asubuhi kwa sababu kila kona unaambiwa mazoezi yanafungua akili, tukasema bora tuingie chumba cha mtihani vichwa viko wazi. Saa 11 tunatoka, tunatokea Bamaga, Mwenge, tunazunguka tunarudi, kilomita 7 kasoro.

Sasa kinachonishangaza ni hiki. Jamaa akirudi anaoga, anakaa mezani na zile hesabu za kuunganisha kampuni mama na watoto, mpaka saa 1 kashamaliza swali zima na limebalansi. Anakwambia kichwa chepesi kama kimepigwa deki. Mimi nikirudi naoga, napanda daladala, ikifika saa 4 ofisini nasoma mstari mmoja mara tatu siuelewi. Wiki iliyopita nimemtumia bosi jedwali la mishahara la mwezi wa nane badala ya mwezi wa tisa, na nilikuwa nimelikagua mara mbili. Bosi akaniuliza kama nina msiba.

Umri tunalingana, 29 wote. Chakula tunapika sufuria moja. Njia ni ile ile. Kwa nini yeye apate faida mimi nipate usingizi? Kuna watu mazoezi hayapandi kichwani au mimi nina tatizo? Wenye uelewa nisaidieni, na wale wa "acha mbio kunywa supu" nao karibuni tu.

#2 KahawaKashata

Nimeweka kiti hapa. Ngoja waje wajuvi.

#3 MbebaZege

Mkuu hayo ni mambo ya wenye viyoyozi. Mimi nabeba zege toka 2014, ndoo begani mpaka ghorofa ya tatu kwenda na kurudi, kama jasho lingekuwa linaongeza akili basi saidia fundi wote wa mji huu wangekuwa wanafundisha Mlimani. Jioni ata kuhesabu chenji ya konda naona uvivu. Kimbia kwa afya yako, akili utaikuta kwenye kitabu.

#4 DadaFizio

MbebaZege hoja yako nzito, nitarudi kwako, usiondoke.

Mleta uzi, mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo hospitalini, kabla sijasema lolote nijibu haya: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, kabla ya kukimbia unakula au kunywa nini, kabla ya mwezi wa saba ulikuwa na mazoezi yoyote, na mkiwa njiani wewe na huyo mwenzio mnapiga stori au mnahema tu?

#5 MhasibuMtarajiwa

DadaFizio asante. Nalala saa 6 usiku mpaka 6 na nusu sababu ya kusoma, naamka 10 na nusu. Sili kitu, maji nakunywa nikirudi. Mazoezi mara ya mwisho ilikuwa mchakamchaka wa shule. Stori anapiga yeye peke yake, anasimulia mechi nzima ya jana dakika kwa dakika, mimi najibu mmh. Yeye alicheza mpira mpaka chuo, akaja kuacha mwaka juzi tu.

#6 DadaFizio

Haya, nusu ya jibu umejiandikia mwenyewe.

Njia ni moja ila zoezi sio moja. Mtu anayesimulia mechi huku anakimbia yupo kwenye mwendo wa wastani. Mtu anayejibu mmh yupo karibu na mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo wewe kila alfajiri unafanya mtihani wa mbio, mwenzio anafanya matembezi ya haraka. Weka juu yake usingizi wa saa 4, tumbo tupu na joto la Dar, alafu unashangaa saa 4 asubuhi macho yanafunga?

Ila hilo la kwamba miili haipokei sawa nalo ni kweli kabisa. Kuna utafiti maarufu unaitwa HERITAGE, ulifanyika Marekani na Kanada miaka ya 90. Walichukua familia ambazo hazikuwa na mazoezi, wakazipandisha kwenye baiskeli za ndani wiki 20, mazoezi yale yale yanasimamiwa kwa mashine. Kwenye watu 481 waliopimwa uwezo wa mwili kutumia oksijeni, kwa wastani waliongeza kama lita 0.4 kwa dakika. Lakini ukiacha wastani ukaangalia mtu mmoja mmoja, kuna walioongeza karibu na sifuri na kuna waliopita lita 1 nzima! Na ilikuwa inafuata familia, wa nyumba moja walikuwa wanafanana, wakakadiria karibu nusu ya tofauti ile ni ya kurithi.

Huo ni mwili. Kwenye ubongo kuna kitu kinaitwa BDNF, ni protini, kazi yake ni kama mbolea ya seli za ubongo, na mazoezi yanaipandisha. Jeni inayoitengeneza inakuja kwa aina zaidi ya moja. Chuo cha Dartmouth huko Marekani walitoa utafiti 2012, waliwachukua vijana wasio na mazoezi wakawagawa: wengine mazoezi wiki 4 pamoja na siku ya jaribio, wengine wiki 4 ila siku ya jaribio wasifanye, wengine siku ile tu, wengine hawakufanya kabisa. Waliopanda kwenye kukumbuka vitu walivyoonyeshwa ni wale wa wiki 4 pamoja na siku yenyewe. Na hata hao, faida ilionekana kwa wenye nakala mbili za ile aina ya kawaida ya jeni, wenzao wa aina nyingine hawakupanda.

Usikimbilie kusema "jeni zangu mbovu". Huo ni utafiti mdogo, kitu kimoja kimepimwa. Wewe tatizo lako la kwanza ni kitanda.

#7 EldoretKwetu

Wabongo salamu kutoka Eldoret. Hii ya kulala ofisini haihitaji hata daktari. Mimi nilikaa kwa kambi Iten miaka tatu, kazi yangu ilikuwa kuvutia wengine mbio, na nawaambia siku ya mbio ndefu, ile ya kilomita 30 na kitu, tukirudi ni chai, ugali, na kitanda, saa tano mchana mtu anakoroma. Hakuna mwenye anafungua kitabu. Mimi kuna siku nilikaa mbele ya ATM nikasahau namba ya siri mpaka watu nyuma wakaanza kupiga kelele.

Lakini kuna zile siku za polepole, zile wakimbiaji wakubwa wanakimbia pole mpaka mama wa sokoni anaweza wapita. Hizo ukimaliza kichwa iko sawa kabisa, unaweza hata pigia mtu unayemdai simu na mkaongea bila vita. Watu wenye hawajui mbio wanafikiria kila siku ni kufa. Hapana. Na andika kwa daftari, Kipchoge mwenyewe huandika mazoezi yake kwa daftari miaka yote, si ati ni msahaulifu.

#8 KahawaKashata

"Pigia mtu unayemdai simu" 😂😂 hiyo mbio naitaka.

#9 MamaWawili

Naomba kuongeza kitu hasa kwa dada zangu maana kila uzi wa mazoezi wanaume wanajibu kama wanawake hatupo.

Mimi nilianza jimu baada ya mtoto wa pili. Wenzangu tuliokuwa nao darasa moja la jioni mwezi wa pili wakaanza kusifia, oh nalala vizuri, oh kazini nakumbuka kila kitu. Mimi nilikuwa nasahau funguo kwenye friji. Yani kweli kabisa, kwenye friji, karibu na nyanya. Nikiinama kufunga kamba za raba nikiinuka naona nyota. Mwalimu akawa ananiambia jitume, mwili unazoea. Nikajituma. Siku moja nikawa namsomea mwanangu wa darasa la pili hadithi, nikifika mwisho wa ukurasa sijui mwanzo ulikuwa unasemaje, mtoto ananirekebisha, mama ushasoma hapo.

Kwenda kupima damu ni 8.1. Upungufu. Sio jimu, sio jeni, sio uvivu, ni damu! Nikapewa vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu na maagizo ya dagaa, maini, matembele na chungwa pembeni, chai nisinywe na chakula. Damu ilivyofika 12 na kitu nikarudi jimu ile ile, mwalimu yule yule, ndio nikaelewa wenzangu walikuwa wanasifia nini.

Na hatuko wachache. Utafiti wa afya wa taifa letu wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu. Kwa hiyo ukiona mwenzio kafungukiwa wewe unazidi kufunga, kapime kwanza ndio ujilaumu.

#10 DadaFizio

MamaWawili umeandika kitu nilichosahau na nimekiona mara nyingi tu kazini. Nakazia. Hata mwanaume apime.

Sasa MbebaZege. Kuna Wahadzabe wetu, wale wawindaji wa pale Ziwa Eyasi. Watafiti waliwavalisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakakuta kwa wastani wanatumia dakika 135 kwa siku kwenye mwendo wa kuchangamsha moyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanatuomba sisi wa mjini dakika 150 kwa WIKI na zinatushinda. Kuna wanasayansi wanaowaza kwamba ubongo wetu umezoea mwili ukitembea nao uwe na kazi: hii nyayo ya nini, nyuki wameelekea wapi, nimetokea wapi, narudije. Mwili unakwenda na kichwa kinatafuta.

Ndoo ya zege haina swali. Ngazi ile ile mara mia, jua, maji ya kunywa ya kubahatisha, hulali vizuri, na hujachagua. Jasho ni jasho lakini mazingira yake ndio yanaamua linakuachia nini.

#11 MbebaZege

Swali lipo dada, foremani analipa lini. Ila nimekuelewa.

#12 Kete64

Asalam aleikum. Mie niko Unguja, nataka kuwasimulia babu yangu kwa ruhusa yenu.

Babu ana miaka 78. Miaka na miaka kila baada ya alasiri anatoka Kikwajuni kwa mguu mpaka Jaws Corner, kahawa, bao, magharibi anarudi. Bao la kiswahili sio la mchezo, kete 64, unatakiwa uone hii nikiianzisha hapa inalala wapi, inakula wapi, inazunguka mpaka wapi, kabla hujaigusa. Babu alikuwa anaona mizunguko ambayo sie vijana tunaiona ikishatokea.

Mwaka juzi goti likamshika. Miezi sita ndani. Tulivyomrejesha barazani kwa gari, wallahi ilitia huruma, anatakata, yaani anasambaza kete bila kula, na huku ana kete ya kula mbele ya macho yake, wazee wenzake wananyamaza kwa heshima. Ikabidi daktari wa mazoezi ampangie, kwanza ukumbini, halafu mpaka msikitini, halafu na fimbo mpaka barazani. Miezi mitatu minne babu karudi. Si yule wa zamani lakini karudi, kanifunga mie mara tatu mfululizo siku ya Idi.

Sasa hapa ndio penye kitendawili changu. Babu ana mdogo wake, 75, huyo hatembei popote, mvivu tangu ujana na mwenyewe anakiri, anashinda kwenye kiti cha uvivu na redio. Huyo hajawahi kupungua hata kete moja. Anatufunga sote na babu akiwemo. Hapo mnaniambiaje?

#13 TakwimuTupu

Kete64 uzi umeunogesha, ila naomba niwe mtu mbaya kidogo.

Babu alipokaa ndani miezi sita hakuacha kutembea tu. Aliacha bao lenyewe, aliacha kahawa, aliacha ubishi wa barazani, alikuwa na maumivu na pengine dawa. Alivyorudi vyote vilirudi pamoja. Umejuaje ni miguu?

Tatizo la mada hii ni hilo. Kila mtu ana babu. Nimefundisha takwimu chuo miaka kadhaa na huwa nawaonyesha wanafunzi mambo mawili. Kuna utafiti wa Marekani wa 2011, wazee 120, nusu walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki mwaka mzima, nusu walinyoosha viungo tu. Ile sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, hipokampasi, kwa waliotembea ilikua kama asilimia 2, kwa wenzao ikasinyaa. Safi, kila gazeti liliandika. Sasa njoo 2015, utafiti mkubwa unaitwa LIFE, wazee 1,635 wa miaka 70 mpaka 89, miaka miwili, mazoezi upande mmoja, masomo ya afya upande mwingine. Kwenye kufikiri na kukumbuka: kwa ujumla hakuna tofauti! Magazeti kimya. Lakini walipochambua ndani wakakuta waliokuwa na miaka 80 na kuendelea, na wale waliokuwa dhaifu zaidi wakati wa kuanza, kwenye ule uwezo wa kujizuia na kubadili mawazo walikuwa mbele ya wenzao wasiofanya. Unaona? Pengine aliyekuwa chini ndiye mwenye pa kupanda. Mdogo wa babu labda hana pa kupanda, yuko juu ya mnazi tayari.

Na 2023 kuna timu ilipitia mapitio 24 yaliyobeba tafiti 109 na watu zaidi ya 11,000 wazima wa afya, wakasema faida ipo ila ndogo, na ukitoa upendeleo wa kuchapisha matokeo mazuri tu inazidi kuwa ndogo. Sio kwamba mazoezi hayana maana, moyo na sukari havina mjadala, ila hili la "yanaongeza akili" limepakwa chumvi.

#14 DadaFizio

TakwimuTupu sikukatalii lakini na wewe usimalize chumvi yote. Wastani mdogo unaweza kuwa umebeba watu waliopata sana na watu ambao hawakupata kitu. Halafu kuna suala la kipimo na dozi. Waswisi walitoa utafiti 2017, watu 78, wengine walifanya mara 1 kwa wiki, wengine 2, mpaka 5, saa nzima kila mara, wiki 6. Wa mara moja, asilimia 69 miili haikuonyesha mabadiliko. Wa mara 4 na 5, hakuna hata mmoja aliyebaki nyuma. Wale waliobaki nyuma wakaongezewa siku 2 kila wiki kwa wiki 6 nyingine, wote wakapanda. Kwa hiyo hata huyo "asiyepokea" mara nyingine hajapewa cha kutosha. (Huu nao ni wa mwili, najua utanikaba hapo.)

Na sio mbio tu. Vancouver walifanya na kina mama wa miaka 65 mpaka 75, vyuma mara moja au mbili kwa wiki mwaka mzima, wakawapima kwa lile jaribio ambalo neno KIJANI limeandikwa kwa wino mwekundu na wewe unatakiwa utaje wino usisome neno. Waliobeba vyuma walipanda, waliofanya mazoezi ya mizani na kunyoosha hawakupanda. Mtu mbio zinamkataa, vyuma vinamkubali.

#15 TakwimuTupu

Nakukaba hapo hapo 😄 ila hoja ya kipimo naichukua, maana ndio nilitaka kumalizia kwa mleta uzi.

Mkuu wewe na mwenzio hamjapima chochote. Yeye anasema kichwa chepesi, wewe unasema kizito. Hizo ni hisia. Na kosa la mishahara ni tukio moja, watu hutuma faili lisilo lenyewe wakiwa hawajakimbia hata kwenda kudaka daladala. Kama una ubavu fanya hivi: kila siku ya kazi saa 4, andika hesabu 20 za kuzidisha, tarakimu mbili kwa moja, mfano 47 mara 8, bila kikokotoo (sio kile cha mafao), weka saa, hesabu makosa. Mwenzio naye vile vile. Wiki ya kwanza yote tupeni, maana mtaongeza kasi kwa mazoea tu. Baada ya hapo wiki mbili, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila usiku rusheni shilingi 200. Ikija Karume kesho mnakimbia kama kawaida, ikija simba mnalala. Msichague wenyewe, ukichagua mwenyewe utakimbia siku uliyoamka vizuri alafu utasifia mbio.

Na usibadilishe usingizi humo katikati. Kitu kimoja kwa wakati.

#16 MwalimuWaMwendo

Kabla hajaenda kurusha shilingi, jamani "akili" mnayoisema ni ipi? Mimi nafundisha kidato cha tano na sita, nina wanafunzi wawili, mmoja anakariri kemia akizunguka uwanja wa mpira na daftari mkononi, mwingine ukimtembeza hakumbuki hata jina lake, lazima akae. Nilikuwa nadhani mmoja anajifanya.

Kuna watafiti wa Stanford 2014 waliwapa watu maswali wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea. Kwenye kuzalisha mawazo mengi mapya, mfano tairi bovu lina matumizi gani mengine, waliotembea walipanda sana. Kwenye maswali yenye jibu moja tu walishuka kidogo. Sasa hesabu za kuunganisha makampuni zina jibu moja. Insha ina mengi. Huenda mhasibu akatembea akiandika shairi akawa mfalme!

Na muda nao. Chuo cha Radboud kule Uholanzi 2016 waliwafundisha watu 72 picha zimekaa wapi kwenye skrini, wengine wakafanya mazoezi papo hapo, wengine baada ya masaa manne, wengine hawakufanya. Baada ya siku mbili waliokumbuka zaidi ni wale wa baada ya masaa manne, wa papo hapo hawakuwazidi wasiofanya kabisa. Toka nisome hiyo nimekuwa nawatoa vijana michezo jioni na nimeacha kugombana na mwalimu wa michezo.

#17 MhasibuMtarajiwa

Wakuu nimesoma zote. Damu nimepima leo hii kituo cha karibu, 14.2, nashukuru Mungu na MamaWawili. Shilingi 200 ninayo. Jamaa kacheka sana ila kakubali, kasema atanipiga gepu mpaka nione aibu. Nitarudi.

#18 KahawaKashata

Tusiachwe kama ule uzi wa yule aliyeenda kumfumania mtu akapotea mazima.

#19 MhasibuMtarajiwa

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, mtihani ni wiki ijayo.

Kwa wiki mbili za shilingi Karume katokea mara 7, simba mara 5. Mimi siku za mbio wastani wangu ni dakika 2 na sekunde 31, makosa kama matatu. Siku za simba dakika 2 na sekunde 14, kosa moja. Kwa hiyo kweli nilikuwa napungua, haikuwa deko. Ila kitu kilichonishtua, siku za simba peke yake, bila mbio yoyote, nimecheza kutoka 1:58 mpaka 2:40. Ile 2:40 ni siku umeme ulikatika usiku kucha feni haikuzunguka.

Sasa jamaa. Siku za mbio 2:05. Siku za kulala 2:04. Nimerudia kujumlisha nikidhani nimekosea, mimi mhasibu. Makosa sawa. Ila tulikuwa tunajipa pia alama ya unajisikiaje kwa kumi, siku za mbio anajipa 9, siku za kulala 6. Yani mbio hazijamgusa hesabu hata sekunde moja, zimemgusa roho. Nilivyomwonyesha daftari kasema saa yangu mbovu. Kachukua ya kwake karudia siku tatu, akapata yale yale, toka juzi hataki mada hiyo tukiwa mezani.

Wiki ya nne nimefuata ya DadaFizio na yule wa Eldoret, naingia kitandani saa 4 usiku, nakimbia polepole peke yangu mpaka naweza kuimba, ndizi moja kabla. Wastani 2:11.

#20 TakwimuTupu

Kazi nzuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Siku 12 ni chache na namba zako zinapandiana, na wiki ya nne umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo kwa hiyo hatujui ni usingizi, mwendo au ndizi. Ila ya jamaa yako imenifurahisha sana.

#21 DadaFizio

Ni usingizi. Na mwambie jamaa roho kutoka 6 kwenda 9 sio kitu kidogo, anayekaa mezani na moyo wa 9 anakaa saa mbili, wa 6 anakaa nusu saa anashika simu. Ndio maana swali lake linabalansi. Asinune.

#22 EldoretKwetu

Polepole mpaka kuimba. Si niliwaambia.

#23 MbebaZege

Na mimi nilijaribu kimya kimya. Asubuhi kabla ya kuanza, hesabu 20, dakika 1 sekunde 52, kosa moja, na hilo moja fundi alinibishia tukapiga upya akakuta kakosea yeye. Msishangae, mchanga kokoto simenti nazigawa kichwani toka nikiwa na miaka 19. Mhasibu pole.

Jioni tumetoka kumwaga jamvi, nikajaribu tena. Nimefika ya 13 nikalala na kalamu mkononi, mke wangu ndio kaitoa. Ya 14 ilikuwa 68 mara 7, mpaka leo sijaimalizia.

#24 KahawaKashata

476.